Muulize Fundi: Nyumba Haina Simu ya Waya, Kengele Itamwita Nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari za kengele za usalama, zile ambazo zikilia nyumbani hupeleka habari kwa kampuni ya ulinzi mjini. Nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi wa kengele hapa Nakuru, na kabla ya kuanza kuzifunga nilifanya zamu za usiku katika chumba cha udhibiti, nikipokea habari kutoka nyumba za watu. Najua zinavyotoka na najua zinavyofika, au zinavyokosa kufika.

Hujambo Fundi? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kiamunyi. Marehemu mume wangu alifunga kengele nyumba nzima, ikaunganishwa na simu ya waya. Simu ilikufa zamani. Waya wa shaba uliibwa nguzoni na hakuna aliyerudi kuutengeneza. King'ora bado kinalia, lakini kampuni haipati habari. Kijana mmoja amekuja akasema kila kitu king'olewe nifungiwe mitambo mipya isiyo na waya. Mwingine anasema ninunue simu ya mezani inayotumia laini ya mkononi, nichomeke kengele hapo. Nimsikilize nani? Na bila simu ya waya, habari itawafikiaje?

Mwalimu, shikamoo. Usitoe pesa kwanza, kwa huyu wala kwa yule.

Kengele yako ina masikio, akili na ulimi. Masikio ni zile sumaku za milangoni na vile vitambuzi vya pembeni mwa dari vinavyohisi joto la mtu anayetembea. Akili ni paneli, lile sanduku la chuma lenye betri ndani. Kilichokatwa ni ulimi tu. Nyaya zilizopita ndani ya kuta zako ni mali. Hazihitaji betri ndogo za kubadilishwa kila mara, na mtu hawezi kuzizima akiwa nje ya ua. Anayetaka kuzing'oa akuonyeshe kwanza ni ipi iliyoharibika.

Sasa huyo wa simu ya mezani. Ushauri wake unavutia kwa sababu ni rahisi, na nyumba kadhaa mtaani zimeufuata. Sikiliza kilichokuwa kikitokea zamani. Mlango ukifunguliwa, paneli ilishika laini, ikapiga nambari ya kampuni, ikasubiri mtambo wa kule uitikie, kisha ikamimina milio ya haraka kama ile ya kubonyeza vitufe vya simu. Milio hiyo ni tarakimu 16. Ndani yake mna nambari ya nyumba yako, mlango au chumba kilichoguswa, na aina ya tukio: 130 ni wizi, 110 ni moto, 120 ni kitufe cha dharura, 301 ni stima kupotea, 302 ni betri kuisha nguvu. Mfumo huo unaitwa Contact ID na bado unatumika kote duniani. Mtambo wa kampuni ukishapokea hutoa mlio wa kukiri. Paneli isiposikia mlio huo, inarudia.

Mitandao ya simu za mkononi hubana sauti ili ipite kwa wepesi, na ubanaji huo umetengenezewa sauti ya binadamu. Wewe na dada yako mtaelewana vizuri kabisa, lakini milio ile ya haraka hufika imepinda. Tarakimu moja inapotea, nambari ya nyumba inageuka ya mtu mwingine, au mtambo unakataa kukiri. Leo itapita, kesho isipite, na hutajua ni leo ipi. Mimi sifungi hivyo, hata mteja akinisihi.

Unachohitaji ni kitumaji, ambacho mafundi wengi hukiita komuniketa. Ni kibao kidogo chenye antena na nafasi ya laini, na kinaingia ndani ya sanduku hilo hilo. Kinaunganishwa na zile skrubu mbili zilizokuwa zikishika waya wa simu, na kinaipa paneli volti na mlio ule ule iliouzoea, kwa hiyo paneli inaamini kwamba simu ya zamani imefufuka. Ikimimina milio yake, kitumaji kinaidaka papo hapo, kinaigeuza kuwa ujumbe wa data, kisha kinautuma kwa mtandao hadi chumba cha udhibiti. Hakuna sauti inayosafiri, kwa hiyo hakuna cha kupinda. Kampuni yako ikikuuliza unataka kipi, taka cha 4G kinachoweza kurudi 2G pale mnara unapolemewa. Marekani, kampuni za simu zilipofunga mitambo ya 3G mwaka 2022, kengele zilizokuwa na vitumaji vya 3G pekee zilibaki bubu, na wenye nyumba walilazimika kubadilisha vifaa.

Kampuni nyingine zitakuambia hazitumii mtandao wa simu hata kidogo, zina redio zao. Hilo si jambo baya. Redio hutuma moja kwa moja hadi mtambo wa kampuni ulioko juu kilimani, na haijali kama kampuni ya simu ina hitilafu. Lakini Kiamunyi ina miteremko na mabonde. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana, moja ikasikika vizuri na ya pili ikafichwa na mwinuko. Wajaribu kutoka juu ya paa lako, si kutoka geti la jirani, na wajaribu kabla hujatia sahihi. Tena redio nyingi za nyumbani zinasema tu, hazisikii. Haziwezi kujua kama ujumbe umepokelewa. Hurudia mara kadhaa kwa matumaini.

Hapo ndipo ninapotaka uweke kalamu chini unisikilize, Mwalimu, maana watu wanaouza kengele hawapendi kulizungumza.

Watu wote huuliza, "Mwizi akiingia, mtajua?" Wachache huuliza, "Kengele yangu ikinyamaza, mtajua?" Kwa simu ya waya paneli yenyewe ilihisi volti ikitoweka na ingeweza kuliza king'ora. Kule kwenye kampuni lakini hapakuwa na habari yoyote hadi ujumbe wa majaribio wa siku hiyo ukose kufika. Kitumaji cha kisasa kinaweza kufanya vizuri zaidi. Kila baada ya muda fulani kinatuma salamu fupi ya kusema kipo. Muda huo unapangwa na fundi, na vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa saa 24. Fikiria basi: mtu akikivunja saa mbili usiku, baada ya salamu ya jioni, kampuni itagundua kesho jioni. Omba dakika, si saa. Usikubali kuambiwa kwamba data itakuwa ghali. Salamu moja ni herufi chache, na mwezi mzima wa salamu za kila dakika chache unakula megabaiti za kuhesabika.

Kisha uliza swali la pili, hili ni la binadamu, si la mtambo. Salamu zikikosekana, yule aliye zamu anafanya nini? Nilikuwa naketi kwenye kiti hicho. Usiku wa mvua kubwa skrini hujaa nyumba zisizosikika, na mkono wa mtu aliyechoka hutamani kuzifuta zote kwa pamoja, kwa kuwa nyingi zitarudi zenyewe mvua ikiisha. Nyingi, ndiyo. Ile isiyorudi ndiyo iliyohitaji simu. Kwa hiyo ningependa mkataba wako useme kwa maandishi: nyumba isiposikika kwa dakika kadhaa mlizokubaliana, mwenye nyumba anapigiwa simu, asipopatikana, gari linapita. Kampuni ikikataa kuliandika hilo, tafuta nyingine. Na iwe imesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016. Cheti si siri, omba ukione.

Stima nayo. Waya wa shaba ulikuja na umeme wake, volti 48 kutoka kituo cha simu. Ndiyo sababu simu ya mezani ilifanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani. Kitumaji hakina neema hiyo. Kinategemea betri iliyo ndani ya paneli, kwa kawaida ya volti 12 na uwezo wa 7Ah, yaani ampia moja kwa saa saba. Ikiwa mpya, na mitambo ikila theluthi ya ampia, utapata kama saa 20. Ikiwa ni ile aliyoweka marehemu, huenda ukapata dakika. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, kuna nyumba zilizolala na zikaamka bila stima, na betri nyingi za zamani hazikufika usiku wa manane. Betri mzee inadanganya: ukiipima ikiwa kwenye chaja inaonyesha volti 13, ukiondoa stima inaanguka. Ipime hivi. Iarifu kampuni kwanza, zima swichi kuu mchana, ngoja kwa muda wa saa nne, kisha bonyeza kitufe cha dharura. Kama king'ora kitalia kwa nguvu na kampuni ipate habari, iko sawa. Badilisha kila baada ya miaka mitatu au minne, na uandike tarehe juu yake kwa kalamu nene.

Kuhusu laini iliyo ndani ya kitumaji: iwe ya kampuni, wailipie wenyewe. Laini ya mtu binafsi husahauliwa. Bando linaisha, hakuna anayejua. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, hufungwa. Ukilazimika kuweka yako, isiwe ile yenye M-Pesa yako, na utoe PIN yake ili stima ikirudi iwake yenyewe bila kungoja mtu.

Jambo la mwisho, halina waya wala antena. Mitaa yetu mingi haina nambari za nyumba. Nimewahi kuwa na karatasi mbele yangu iliyosema "geti jeusi, mkabala na duka la mafuta taa", gari limefika, duka lilifungwa zamani na geti limepakwa kijani. Wape kampuni alama ya ramani ya geti lako hasa, si ya barabara. Ukipaka geti rangi, wapigie. Uliza pia kuhusu namba ya siri ya kulazimishwa. Ni namba tofauti na yako ya kawaida. Mtu akikushikia panga akakwambia uzime kengele, unaingiza hiyo. King'ora kinazima kweli, mwizi anaridhika, na kampuni inapata habari kimyakimya kwamba umetekwa. Paneli nyingi za umri wa yako tayari zina nafasi yake, ila hakuna aliyewahi kuipanga. Wewe unayeishi peke yako, mfanye fundi aipange kabla hajakunja ngazi yake.

Fundi, niko Mamboleo, Kisumu. Nimevuta faiba nyumbani na nimenunua kengele ya waifai inayotuma habari kwenye simu yangu, pamoja na kamera mbili. Je, faiba inatosha kuchukua nafasi ya simu ya waya? Pia kitambuzi cha verandani kinanisumbua kila jioni bila mtu.

Ndugu, faiba ni njia nzuri, na ina kasi ambayo kengele haitakaa iihitaji. Udhaifu wake ni kwamba ni kioo. Kioo hakipitishi stima. Mtaa ukizimika, kile kisanduku cha ukutani kinachopokea faiba kinazima, rauta inazima, na kengele yako, hata ikiwa na betri yake nzima, inabaki ikiongea na ukuta. Nunua betri ndogo ya kushikilia rauta, zile za volti 12 zinazouzwa kwa ajili hiyo hiyo, na uhakikishe vyote viwili vimeunganishwa nayo. Nimekuta wengi wameilisha rauta wakasahau kisanduku, na wanashangaa taa za rauta zinawaka na hakuna intaneti.

Hata hivyo faiba hukatwa. Mtu akichimba mtaro wa maji kando ya barabara ya Kakamega, nusu ya mtaa inakaa bila mtandao. Kwa hiyo ningetaka kengele yako iwe na njia mbili za tabia tofauti: faiba kwa kawaida, na laini ya simu ikishika zamu faiba inapolala. Laini mbili za kampuni mbili ndani ya kifaa kimoja ni bora kuliko laini moja, lakini zote mbili ni mawimbi ya simu, na kuna vifaa haramu vya kuziba mawimbi hayo. Anayeziba simu haikati faiba iliyo chini ya ardhi, na anayekata faiba hajaziba simu.

Lakini swali lako lina swali jingine ndani yake. Habari inakuja kwenye simu yako wewe. Wewe uko kazini, mkutanoni, simu iko kimya mfukoni. Au umelala. Kengele hiyo inatuma, lakini hakuna aliyeajiriwa kukaa macho kwa ajili yake. Huduma ya kufuatiliwa maana yake ni kwamba saa tisa usiku kuna mtu aliye kwenye kiti, analipwa asilale, na ana gari la kutuma. Uliza kama kifaa chako kinaweza kuunganishwa na chumba cha udhibiti. Baadhi vinaweza, vingi vya bei ya chini haviwezi, vinapitia mtambo wa ng'ambo wa aliyevitengeneza na kuishia hapo. Kama chako hakiwezi, kitumie kwa kamera na ununue paneli ya kweli kwa milango.

Kitambuzi cha verandani kihamishie ndani. Kimetengenezwa kuhisi joto linalosogea, na jioni za Kisumu vijidudu vya ziwani hufuata taa kwa mawingu. Vikitua juu ya kioo chake, au buibui aliyevifuata akitembea hapo, kwa kitambuzi hilo ni jitu. Kiweke pembeni mwa sebule, kisitazame dirisha linalopigwa na jua la magharibi. Kama taa ya verandani iko karibu, isogeze.

Na kamera inayotazama uani kwa jirani, igeuze. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata bila sheria, jirani huyo ndiye utakayemhitaji usiku.

Mimi ni mzee wa Webuye. Mwanangu aliye Dallas, Marekani, amenitumia kengele kamili ndani ya kasha. Fundi wa hapa anaogopa kuiwasha. Nifanyeje?

Mzee wangu, huyo fundi ana akili, mshikilie. Aanze na maandishi yaliyo kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa 100–240V, ni salama. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, stima yetu ya volti 240 itaichoma dakika hiyo hiyo.

Ikipona hapo, kuna la pili. Vitambuzi vingi vya Marekani visivyo na waya huongea kwenye masafa ya kati ya 902 na 928 MHz. Kule yameachwa wazi kwa vifaa vya namna hiyo. Hapa kwetu sehemu ya masafa hayo inatumiwa na simu za mkononi kuwasiliana na minara, na kifaa chochote cha redio kinatakiwa kuwa cha aina iliyokubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano. La tatu ndilo zito zaidi: laini iliyo ndani inajua mitandao ya kule tu, na kituo kinachopokea habari kiko kule. Tuseme hata kwa bahati ujumbe umefika. Mtu wa kituo atampigia polisi wa mji gani?

Sumaku za milangoni zinazotumia waya, king'ora cha volti 12 na betri vinaweza kutumika kwenye paneli ya hapa. Vilivyobaki virudi kwenye kasha.

Mwambie mwanao, kwa upendo, kwamba zawadi bora ni kulipia kila mwezi huduma ya kampuni iliyo na gari Webuye au Bungoma, na jina lake liandikwe la pili kwenye orodha ya watu wa kupigiwa. La kwanza liwe la mtu anayeweza kufika getini kwako kwa miguu. Lake linafaa kuwa la pili kwa sababu hii: saa nane usiku ukiwa umelala, Dallas ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kulingana na majira. Yeye yuko macho na simu mkononi, wakati jamaa wa Bungoma na Eldoret wote wamezima.

Radi imenichomea paneli mara mbili, hapa Kakamega. Nimechoka. Kuna dawa?

Dawa kamili hakuna, dada yangu. Upande wa magharibi wa nchi yetu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana. Lakini hasara inaweza kupunguzwa sana.

Kwanza fundi wa stima apime waya wa ardhini, ule unaomwaga mshtuko udongoni. Nyumba nyingi nilizoitwa baada ya radi zina fimbo ya shaba iliyopigwa nusu tu kwenye udongo mkavu, au hazina kabisa. Bila waya mzuri wa ardhini, kila kinga utakayonunua ni pambo. Kisha weka kinga ya mshtuko kwenye stima inayoingia kwenye paneli, na nyingine kwenye waya wa antena kama unatumia redio. Na ule waya mrefu unaotoka getini hadi nyumbani, ambao bila shaka umezikwa ua mzima, ndio mara nyingi unaoleta balaa: radi ikipiga karibu, waya mrefu unaokota mshtuko na kuupeleka hadi ndani ya paneli. Getini, na hapo tu, ningekuwekea kitambuzi kisicho na waya.

Baada ya kila radi kubwa, piga simu kampuni uombe wathibitishe kwamba wanakusikia. Kitumaji kinaweza kuungua na paneli ikabaki hai, taa zote za kijani, vitufe vinaitika, na hakuna neno linalotoka nje ya nyumba.

Sisi ni wapangaji wanne kwenye ploti moja, Lanet. Hatuwezi kulipa kampuni kila mwezi. Tunaweza kuweka kengele inayotupigia sisi wenyewe?

Mnaweza. Paneli yenye laini ya simu inapiga nambari mlizoziweka, moja baada ya nyingine, na kutuma ujumbe. Ni kweli nimesema hapo juu kwamba kengele inahitaji mtu aliye macho, na sitabadilisha neno. Kwa hiyo nyinyi ndio mtakuwa mtu huyo, na inabidi mpange zamu.

Nambari ya paneli ihifadhiwe kwenye simu za wote kwa jina moja, na iruhusiwe kulia hata simu ikiwa kimya. Nambari ya kwanza isiwe ya mwenye nyumba anayeishi mjini. Iwe ya mtu anayelala hapo hapo kwenye ploti, na ya pili ya jirani wa ng'ambo ya ua, yule anayeweza kuwasha taa zake na kupiga kelele bila kutoka nje. Akiitwa, asitoke peke yake na tochi. Apige 999 au 112, na nambari ya kituo cha polisi kilicho karibu iwe tayari kwenye simu, kwa maana kituo kinajua njia zenu. Mshirikisheni mwenyekiti wa Nyumba Kumi sasa, msingoje usiku wa tukio.

Salio la paneli muwekeane zamu mwezi kwa mwezi. Chagueni siku moja, kama Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mkibonyeza kitufe, na kila mmoja aonyeshe simu yake imelia. Ambaye haikulia, mtafute sababu hapo hapo kabla ya kurudi kufua. Na mpangaji akihama, futeni nambari yake na mbadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo anayopakia vitu.